E36 ya milango miwili kwenye saketi: injini iguswe mwisho

Gari la mashindano ya lami halianzi kujengwa kwenye injini. Linaanza kwenye bodi, linapita kwenye kizimba (mabomba yanayomlinda dereva gari likipinduka), breki, maji na oili, halafu miguu, yaani springi, amotisa na mikono ya magurudumu, na pesa zikibaki ndipo mtu afungue injini. Anayegeuza mpangilio huu hupata gari linalokwenda vizuri mizunguko mitatu, na wa nne linavutwa kwa kamba. Hapa nachukua BMW E36, yaani Series 3 ya miaka ya 1990, ya milango miwili kama mfano kwa sababu kasoro zake zote zinajulikana, na gari ambalo kasoro zake zinajulikana ni nusu ya kazi. Mwenye Toyota Celica au Levin iliyofika hapa Lubumbashi kupitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa atabadilisha mambo ya miguu na difu tu. Mengine yote ni yale yale. Usukani uwe kushoto au kulia, saketi haijali.

Tafuta 325i ya miaka ya 1992 hadi 1995, yenye injini ya M50. Usikubali kubadilishiwa herufi hizo. M50 ina bloku ya chuma cha kusubu, kile mafundi wetu wanakiita fonti. Iliyofuata, M52 ya Ulaya, ina bloku ya alumini ambayo kuta za silinda zake zilipakwa Nikasil, na petroli yenye salfa nyingi huila Nikasil hiyo polepole mpaka kompresheni inaanguka. Kama petroli yako wakati mwingine hutoka kwenye vidumu vya kando ya barabara ya Likasi au Kasenga, hujui ina salfa kiasi gani, na muuzaji naye hajui. Fonti haina shida hiyo.

Kabla ya kununua, pima kompresheni ya silinda zote sita injini ikiwa ya moto. Tofauti kati ya iliyo juu na iliyo chini isizidi baa 1. Kisha lala chini ya gari. Magari yaliyoishi Ulaya yamekula chumvi ya barabara wakati wa baridi. Kutu hujificha kwenye sehemu za kuwekea jeki na ndani ya vizingiti vya milango. Gonga kwa bisibisi. Ikiingia, mwachie mwenyewe gari lake.

Kuhusu nguvu, maneno machache, kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila mtu. M50 ilitoka kiwandani na farasi 192. Lubumbashi iko takribani mita 1,200 juu ya bahari, na hewa ya huku ina kama asilimia 87 ya msukumo wa hewa ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu kiasi hicho hicho, kwa hiyo unaendesha farasi 168 hivi hata kama kila kitu ni kizima. Saketi ya Kyalami kule Afrika Kusini iko juu zaidi ya hapo. Wapinzani wasio na turbo wanapoteza sawa na wewe. Kutoa maelfu ya dola ili kurudisha farasi ishirini, huku gari bado lina plaketi (pedi za breki) za sokoni, ni kujidanganya.

Kuvua

Ondoa viti, kapeti, dari, plastiki za milango, redio, kiyoyozi na mabomba yake. Kama paa lina kidirisha, toa mfumo wote pamoja na reli zake, kisha chomelea bamba la chuma mahali pake: uzito wa juu ndio unaolaza gari kwenye kona. Kabla ya kugusa mfuko wa hewa wa usukani, chomoa batri na ungoje angalau nusu saa, halafu uuweke mfuko huo mezani uso wake ukitazama juu. Ukilipuka ukiwa umelala kifudifudi, utaruka na kumpiga mtu.

Chini ya kapeti kuna lami ya kuzuia kelele, imegandamana na sakafu. Hutoka kwa mashine ya hewa ya moto na kikwaruzo kipana, kipande kwa kipande. Usitumie moto wa gesi ya kuchomelea. Mirija ya petroli na ya breki inapita chini ya sakafu hiyo hiyo, na wewe uko juu, huioni.

Mambo mawili watu huyatoa kwa haraka na kuyajutia. La kwanza ni feni ya hewa ya ndani pamoja na rejeta yake ndogo. Ni kilo chache, ndiyo, lakini kati ya Novemba na Machi mvua ikishika na dereva akihema ndani ya kofia, kioo cha mbele huziba kwa ukungu katika mzunguko mmoja. Iache. La pili ni waya. E36 za baadaye zina EWS, mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo wake. Ukikata waya "zisizo na kazi" bila ramani mkononi, utakuwa na gari jepesi lisilowaka. Waya hutolewa kwa kufuata kila mmoja mpaka mwisho wake, si kwa koleo.

Gari likiwa tupu, osha chini kwa maji ya nguvu na utafute nyufa kwa tochi. Kwenye E36 zinajulikana zilipo: mifuko ya sakafu inayoshika mikono mirefu ya nyuma, sehemu za mbele zinazoshika fremu ya nyuma, sikio la kifuniko cha difu, vishikio vya fito ya kuzuia kulala, na juu ya minara ya amotisa, yaani shokapu, mbele na nyuma. Ufa ukionekana, toboa tundu dogo la milimita 3 mwisho wake ili usiendelee, uchomelee, ndipo uweke bamba la kuimarisha juu. Bamba likiwekwa juu ya ufa ambao haukuzibwa, ufa huendelea kutembea chini yake bila kuonekana.

Kizimba

Hapa Lubumbashi ina bahati ambayo miji mingi haina. Mji huu umekulia kwenye migodi, na wachomeleaji waliozoea mabomba ya presha wapo, wenye TIG (mashine ya kuchomelea kwa umeme na gesi ya argoni) na mikono mizuri. Tatizo lao si ufundi. Ni kwamba kwao bomba ni bomba, na watakuletea walilo nalo.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, Nyongeza J, kifungu cha 253, zinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye nguvu ya kuvutwa isiyopungua 350 N/mm². Tao kuu la nyuma ya dereva liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mengine yote yawe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Bomba la maji lililopakwa zinki halifai kabisa: lina mshono, na zinki yake ikiungua hutoa moshi wenye sumu na kuacha weldi yenye vitundu. Pima unene kwa kaliba mwenyewe, kwenye ncha zote mbili za kila bomba, kabla ya kulipa.

Sasa jambo linaloharibu vizimba vingi vya mikononi: kukunja. Mashine za kukunjia zilizo kwenye karakana nyingi zina kalibu za mabomba ya inchi. Bomba la inchi moja na robo lina kipenyo cha nje cha milimita 42.4, la inchi moja na nusu lina 48.3. Bomba lako la 45 halikai kwenye kalibu yoyote kati ya hizo; kwa ile kubwa hutandazika, kwa ile ndogo hukwaruzwa na kubonyea. Kanuni inasema bomba likigeuka yai penye kona, kipenyo kidogo kisipungue sehemu 0.9 ya kipenyo kikubwa. Kwa bomba la 45 lililotanuka mpaka 47, upande mwembamba usishuke chini ya 42.3. Chora kalibu ya 45 na nyingine ya 38, upeleke kwa fundi wa lezi akuchongee. Nusu kipenyo cha kona, kwenye mstari wa kati wa bomba, kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba, yaani milimita 135 kwa tao kuu. Kukunja kwa mchanga na moto, sahau. Moto hubadilisha chuma pale pale ambapo unakitegemea zaidi.

Tao kuu liwe bomba moja, bila kiungo. Kwa bodi ya E36 utahitaji karibu mita 4 za 45, na kati ya mita 18 na 20 za 38 kwa matao ya mbele, mihimili ya nyuma, mishazari, fito mbili za milango kila upande na ya kufungia mikanda. Bomba la 45 kwa 2.5 lina kilo 2.6 kwa mita, la 38 kwa 2.5 lina kilo 2.2. Hesabu inakupa kilo 50 hivi za bomba tupu, kabla ya mabamba. Anayekuambia kizimba chake kina kilo 25, muulize unene wa bomba.

Miguu ya kizimba haikai juu ya sakafu peke yake. Kila mguu wa tao kuu na wa mbele unakaa juu ya bamba la kuimarisha la sentimita za mraba 120 au zaidi, unene wa milimita 3 au zaidi, lililochomelewa kwenye bodi. Mihimili ya nyuma, sentimita za mraba 60. Kizimba cha kufungwa kwa bolti kinahitaji bolti tatu za M8 za daraja 8.8 kwa kila mguu wa mbele na wa tao kuu, na mbili kwa mihimili ya nyuma. Bamba lipande ukuta wa kizingiti cha mlango, lisilale sakafuni tu. Sakafu ya E36 ni bati jembamba, na gari likipinduka mguu huitoboa.

Swali linalofuata ni la mchomeleaji: atazungushaje weldi juu ya bomba wakati bomba limegusa paa? Hawezi. Wengi huchomelea upande wa chini tu na kuacha nusu ya kiungo wazi. Njia yake ni kukata matundu sakafuni pale miguu itakapokuja, kabla mabamba hayajawekwa, na kukishusha kizimba chote sentimita kumi na tano hivi kupitia matundu hayo. Juu kunabaki nafasi ya mkono na tochi ya TIG. Viungo vyote vya juu vinazungushwa kamili, kizimba kinainuliwa kwa jeki mpaka kiguse paa, ndipo mabamba yanafunika matundu na miguu inachomelewa. Inaongeza kazi ya siku mbili, na ndiyo tofauti kati ya kizimba na pambo.

Batri iwe imechomolewa na kompyuta ya injini iwe nje ya gari muda wote wa kuchomelea. Penye uwezekano wa kofia ya dereva kugonga bomba, funga povu gumu la FIA 8857-2001. Sponji ya mabomba ya kiyoyozi inafanana nalo kwa macho na haisaidii kitu.

Kiti, mikanda, moto

Hapa napita haraka kwa sababu hakuna la kubuni. Kiti chenye lebo ya FIA 8855-1999, ambacho muda wake ni miaka 5 tangu kutengenezwa. Mikanda ya nukta sita ya 8853-2016. Soma tarehe kwenye lebo yenyewe, si kwenye maneno ya muuzaji, na ujue kwamba mikanda ya bandia yenye nembo zilizoshonwa vizuri inauzwa kila mahali. Kiti kishikwe kwa bolti nne za M8, vishikio vya chuma cha milimita 3, na sakafuni pawe na mabamba ya sentimita za mraba 40 kwa kila bolti. Mikanda ya mabega ikitumika na kifaa cha kushika shingo ielekee nyuma kwa mteremko wa kati ya nyuzi 0 na 20. Ikiteremka sana, ajali huisukuma mifupa ya mgongo chini. Mkanda wa kiuno ukae juu ya nyonga. Ukikaa juu ya tumbo, utakata tumbo.

Kizimamoto cha mkono cha kilo 2, kimefungwa kwa mikanda miwili ya chuma, dereva akiwa amefunga mikanda akifikie. Swichi kuu ya umeme lazima izime injini, si batri peke yake. Swichi ya vituo viwili haitoshi kwa sababu altaneta huendelea kulisha injini hata batri ikiwa imekatwa. Nunua ya vituo sita yenye kipingamizi cha altaneta, kisha uijaribu injini ikiwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Kama haizimi, mkaguzi atakurudisha nyumbani, na atakuwa na haki.

Breki

Diski za mbele za 325i ni milimita 286 kwa 22, zenye matundu ya hewa ndani. Kwa gari la kilo 1,150 zinatosha. Nasema hivi nikijua wengi wanataka kalipa kubwa za rangi nyekundu. Ukubwa wa diski hauongezi mshiko wa tairi. Unaongeza uwezo wa kumeza joto, na joto lina njia za bei ndogo zaidi.

Kwanza jua aina mbili za breki kushindwa, maana dawa zake ni tofauti. Pedali ikizama laini mpaka sakafuni, mafuta ya breki yamechemka na kuna mvuke kwenye mirija. Pedali ikibaki ngumu kama jiwe na gari halisimami, plaketi zimepita joto lake. Anayebadilisha plaketi wakati mafuta ndiyo yaliyochemka atarudi na tatizo lile lile.

Mafuta ya DOT 4 ya kawaida yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 yakiwa mapya. Yakishanyonya unyevu hushuka mpaka 155. Na yananyonya unyevu kutoka hewani, hasa masika. Ya mashindano, kama Motul RBF 600, huchemka kwenye 312 yakiwa mapya. Chupa ikifunguliwa imalizike siku hiyo; nusu iliyobaki mpe mwenye teksi. Usiweke DOT 5 ya silikoni, haichanganyiki na nyingine. Toa hewa ukianza gurudumu lililo mbali na masta silinda, na urudie kabla ya kila mashindano.

Kisha hewa. Ngao ya bati iliyo nyuma ya diski ivuliwe, na mrija wa milimita 63 au 75 utoke mahali palipokuwa taa za ukungu mpaka katikati ya diski, penye kitovu. Ukiupiga uso wa nje wa diski, upande mmoja hupoa na mwingine hapana, na diski hupasuka. Mrija uwe wa kuhimili joto. Wa plastiki wa mashine za kufulia huyeyuka na kudondoka juu ya diski.

Plaketi mpya zinalazwa, yaani zinazoeshwa na diski: breki kama kumi za nguvu kutoka kilomita 120 hadi 50 kwa saa, kila moja kali kuliko iliyotangulia, halafu mwendo wa pole bila kugusa breki mpaka zipoe. Usisimame kabisa ukiwa na breki imeshikwa. Plaketi huacha alama kwenye diski na usukani utatetemeka siku zote.

Magurudumu ya E36 yana bolti za M12 zenye hatua ya 1.5. Watu hubadilisha kuwa vijiti na nati, na ni sawa, lakini vijiti viingie kwa gundi ya nyuzi na visiguse chochote nyuma ya kitovu. Kaza kwa Nm 100 hadi 110 kwa spana ya kupimia, na urudie baada ya mizunguko ya kwanza, gurudumu likiwa limepoa. Bomba refu la kuongezea spana ndilo linalokata vijiti.

Maji na oili

Hii ndiyo sehemu inayoua M50 nyingi, na yote ni plastiki. Shingo ya rejeta ni plastiki, hukatika. Nyumba ya themostati ni plastiki, hupinda na kuvuja. Pampu ya maji ya zamani ina mabawa ya plastiki ambayo huvunjika na kuzunguka bure huku pampu ikionekana nzima kwa nje. Badilisha vyote vitatu: rejeta ya alumini, nyumba ya alumini, pampu yenye mabawa ya chuma. Feni ya plastiki inayozungushwa na injini huweza kupasuka ikikaa kwenye mizunguko ya juu, na vipande vyake hupita kwenye rejeta na boneti. Weka feni ya umeme.

Mwinuko una neno hapa pia. Maji wazi Lubumbashi huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Kifuniko cha mfumo hufunguka kwa tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje, kwa hiyo huku juu akiba yako ya joto ni ndogo kidogo kuliko kitabu kinavyosema. Kifuniko kilichochoka kinaimaliza. Ni kitu cha bei ndogo; nunua viwili. Saketi nyingi hazitaki maji yenye glaikoli kwa sababu yakimwagika lami huwa utelezi. Tumia maji yaliyochujwa na dawa ya kuzuia kutu.

Kutoa hewa kwenye mfumo: inua pua ya gari, fungua swichi ya joto la ndani mpaka mwisho, legeza parafujo ya hewa iliyo juu, mimina polepole mpaka maji yatoke pale bila mapovu. Hewa ikibaki kwenye kichwa, mshale wa joto unaweza kusoma kawaida kwa sababu kipimo kimezungukwa na mvuke, na kichwa cha alumini kinapinda huku dereva akiona kila kitu ni sawa. Na mshale wa kiwandani hukaa katikati kwa nyuzi nyingi, ukianza kupanda mambo yameshaharibika. Weka kipimo chenye nambari, na taa ya presha ya oili kubwa ya kuonekana kwenye jua.

Ukishafungua sampu ya oili, angalia nati ya giya ya pampu. Kwenye M50 imejulikana kulegea kwa mitetemo ya mizunguko ya juu. Ikitoka, presha ya oili hufika sifuri hapo hapo. Nyuzi zake ni za kinyume, kwa hiyo anayejaribu "kuilegeza" kwa nguvu kwa kawaida anaikaza mpaka ikatike. Itobolewe na kufungwa kwa waya. Ndani ya sampu weka kuta za kuzuia oili isikimbilie upande mmoja kwenye kona ndefu. Kiasi cha oili kiwe kwenye alama ya juu ya kijiti.

Kuhusu hewa ya injini: kiangazi cha Katanga ni vumbi jekundu. Kichungi cha wazi cha umbo la koni kinavuta hewa ya moto ya chumba cha injini na hupitisha vumbi laini. Boksi la kiwandani lenye kichungi cha karatasi linavuta hewa baridi ya mbele. Liache.

Miguu

Bushi zote za mpira zilizochoka hubadilishwa kabla ya springi. Mbele, chukua vishikio vigumu vya mikono ya chini. Nyuma, bushi za mikono mirefu ziwe za poliurethini na pawe na vizuizi vya pembeni. Vishikio vya injini na giaboksi viwe vigumu kuliko vya kiwandani, na si kwa ajili ya kelele: vikiwa laini, injini hulala kwenye kona na mkono wa gia husogea nao. Dereva anayetoka gia ya tatu kwenda ya nne huingia ya pili, injini inapita mizunguko yake na vali zinagonga pistoni. Hakuna oili inayoponya hilo.

Springi za mbele kati ya 70 na 90 N/mm, za nyuma kati ya 90 na 105. Nyuma huonekana ngumu zaidi kwenye karatasi lakini sivyo gurudumu linavyoihisi, kwa sababu springi imekaa katikati ya mkono, karibu theluthi mbili ya umbali, na athari yake hupungua kwa mraba wa uwiano huo. Springi ya 100 inakuwa kama 44 kwenye gurudumu.

Tairi za 225/45 kwenye rimu za 8 kwa 17. Mbele zilale ndani kwa juu nyuzi 3 hadi 3.5, nyuma 2 hadi 2.5. Mbele ziangalie nje kidogo, jumla ya milimita 1 au 2. Nyuma ziangalie ndani kiasi hicho hicho. Nyuma zikiangalia nje, gari hugeuka ghafla bila onyo. Kipimo hufanyika kwa kamba mbili nyembamba zilizonyooshwa kati ya stendi nne, sambamba na gari, dereva au mifuko ya uzito wake ikiwa kwenye kiti. Baada ya mizunguko mitano ya nguvu, choma sindano ya kipimajoto ndani ya mpira, sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Ndani ikizidi nje kwa nyuzi 10 hivi, sawa. Katikati ikizidi zote mbili, upepo ni mwingi. Lenga baa 2.2 hadi 2.4 tairi likiwa la moto. La baridi litajipanga lenyewe chini ya hapo.

Tangi la E36 limekaa kama tandiko juu ya shafti, lina vyumba viwili, na pampu iko upande mmoja tu. Chini ya nusu ya tangi, injini hukohoa kwenye kona ndefu. Kabla ya kulaumu plagi, jaza.

Ukitoka na gari hili kwenda Harare au Kyalami, utapita Kasumbalesa, na hati za kulivusha kwa muda zitasomwa pamoja na nambari ya bodi. Kwenye E36 nambari hiyo imepigwa juu ya mnara wa amotisa wa kulia, ndani ya chumba cha injini, mahali pale pale unapotaka kuweka bamba la kuimarisha. Kata bamba lipishe nambari, na usiipake rangi nene. Juu ya trela, mikanda ifungwe kwenye magurudumu, si kwenye mikono ya miguu, ili gari liendelee kucheza kwenye springi zake na vipimo vyako visihame njiani.